UZI: Prado 120 ya familia kwenda porini – kipi kibadilishwe, kipi kiachwe

NyikaNjema (mwanzisha uzi):

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa Land Cruiser Prado 120, ile ya 2002 hadi 2009. Ndiyo 4x4 ya familia iliyojaa barabarani kwetu, spea zake zinapatikana hadi mikoani, na kwa asili inajiweza: 4x4 ya muda wote, difu ya kati inayofungwa, gia nzito, chasisi ya kweli. Wenye Surf au Hilux watachukua yanayowahusu.

Safari yenyewe ni ya wazazi wawili na watoto watatu, siku tano hadi kumi. Mto wa Mbu kupitia Engaruka hadi Ngare Sero na Natron, Iringa kwenda Ruaha kupitia Tungamalenga, au Sitalike na mbuga za Katavi. Jumatatu gari hilohilo lipeleke watoto shule. Kwa hiyo hatukati chasisi, hatuweki matairi ya inchi 35, hatugusi mifuko ya hewa ya usalama.

Kabla ya kununua chochote, shika kalamu upige hesabu ya uzito. Watu watano, kilo 250. Maji lita 60, kilo 60. Friji la lita 40 likiwa na chakula, 35. Madumu mawili ya chuma ya lita 20 yakiwa na dizeli, 42. Hema na magodoro 30, jiko na gesi 15, zana na spea 30, mabegi 50, keria ya chuma ya kuchomelea 40. Jumla 552. Sasa chukua uzito wa juu ulioruhusiwa kwenye kitabu cha gari, toa uzito wa gari tupu. Prado nyingi za aina hii zinabakiwa na kilo 600 na ushei. Maana yake umeshajaza, na bado hujafunga hata bolti moja ya urembo.

Ukiongeza bampa ya chuma (60), winchi (40), hema la juu ya paa (60) na droo za nyuma (70), umeongeza 230 na kufika 782. Hapo ndipo springi zinalala, bushi zinakatika, na breki zinachemka kwenye mteremko. Lawama wanabebeshwa Toyota, kumbe ni mizigo yetu.

Karibuni mafundi, kila mtu na eneo lake.

FundiChasisi:

Mkuu umeanzia pazuri. Mimi nachukua matairi na springi, kwa mpangilio huohuo. Mwenye pesa ya kitu kimoja tu anunue matairi.

Saizi ya kiwandani ni 265/65R17, kipenyo chake milimita 776. Ukipanda hadi 265/70R17 unapata 803. Gari linanyanyuka milimita 13 tu chini ya difu, lakini faida kubwa ni ukuta wa tairi kuwa mrefu zaidi: unaweza kushusha upepo bila rimu kugonga jiwe. Spidometa itasoma pungufu kwa asilimia 3.4. Saizi hii inaingia kwenye Prado 120. Ukikata kona hadi mwisho inaweza kugusa plastiki ya ndani ya madigadi au mpira wa matope, na dawa yake ni kusogeza plastiki, wala si kukata bati. Zaidi ya hapo acha. Utaanza kupoteza nguvu, breki na dizeli.

Chukua A/T (tairi la njia zote) yenye alama ya LT (tairi la magari ya mizigo). M/T (la matope) kwenye gari la familia ni kelele, na lami yenye maji inateleza. Tena tairi la akiba liwe saizi ileile, maana 4x4 ya muda wote ikiwa na tairi moja lenye kipenyo tofauti inaichosha difu ya kati kila mzunguko. Spea ikikaa mlangoni, kagua bawaba za mlango na bolti zake, kwa sababu LT ni nzito kuliko la kawaida.

Upepo, gari likiwa limejaa na matairi yakiwa baridi: lami psi 32 mbele, 38 nyuma. Changarawe na mawimbi, 26 mbele na 30 nyuma, mwendo usizidi 60. Matope 20 hadi 22. Mchanga mlaini 16 hadi 18, mwendo wa chini, kona taratibu, tairi lisije likatoka kwenye rimu. Baada ya saa moja pima tena: LT ikiwa imepanda zaidi ya psi 6, ama ulianza na upepo mdogo, ama mwendo mkubwa, ama mzigo umezidi. Punguza mwendo kwanza. Usitoe upepo tairi likiwa la moto ukidhani umelisaidia, unazidi kulipasha.

Springi. Usimwambie muuzaji "nataka kuinua gari". Mwambie kilo zinazokaa ndani ya gari kila siku na kilo za safari. Springi za nyuma zinauzwa kwa madaraja ya mzigo, na ile ya kilo 400 za kudumu kwenye gari linalotembea tupu siku 340 za mwaka itawarusha watoto wa siti ya nyuma kila tuta. Kwa mzigo alioandika mwanzisha uzi, chukua daraja la hadi kilo 200 za kudumu pamoja na shokapu nzuri za gesi. Mbele, kama hakuna bampa ya chuma, springi ya kawaida au iliyokazwa kidogo inatosha.

Kipimo cha kweli ni kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi. Pima pembe zote nne gari likiwa tupu, pima tena likiwa na mzigo, andika. Mbele usipandishe zaidi ya milimita 40. Ukizidi 50, sivi jointi (viungo vya ekseli za mbele) zinakaa kwa pembe kali, buti zinajisugua na kupasuka, grisi inatoka, vumbi linaingia.

DadaSafari:

Asante sana Fundi. Swali: Prado ya daraja la TZ kutoka Japani, yenye mapulizo (mifuko ya mpira yenye upepo) nyuma badala ya springi. Ikiegeshwa usiku, asubuhi unaikuta imelala. Yabadilishwe mapulizo au iwekwe springi?

FundiChasisi:

Dada, kama gari linakwenda porini weka springi. Mpira wa pulizo unazeeka na kupasuka kwenye mikunjo, na pulizo likipasuka Ngare Sero huna pa kulipata. Dalili yako ni uvujaji; paka maji ya sabuni kwenye mikunjo na kwenye viungio vya mipira midogo utaona mapovu.

Kazi yenyewe: gari juu ya stendi mbili chini ya chasisi, jeki chini ya ekseli. Toa upepo wote kwenye mfumo kwanza, ndipo ufungue. Fungua bolti za chini za shokapu, viungo vya staibilaiza, na upande mmoja wa fimbo ndefu inayoshika ekseli isiende pembeni. Shusha ekseli taratibu huku jicho likiwa kwenye mpira wa breki na waya za ABS. Hivyo viwili ndivyo vinavyokatwa na haraka. Ingiza springi na vikalio vyake vya mpira. Weka springi, na shokapu za kawaida badala ya zile za kurekebishwa kwa umeme. Kompresa ya mapulizo itolewe kwenye umeme, la sivyo itazunguka kutafuta upepo hadi iungue.

Kwa wote, wenye mapulizo na wasio nayo: bolti za bushi zikazwe kwa nguvu ya mwisho gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, bushi inajifunga katika pembe ya kuning'inia. Ukilishusha gari inakaa imejinyonga muda wote na ndani ya miezi michache inachanika. Hili mafundi wengi wanaliruka, na mteja anarudi akilalamika springi ni mbaya.

Baada ya hapo alaimenti. Kasta (pembe ya gurudumu la mbele kuegemea nyuma) isishuke chini ya digrii 2. Ikikaribia 3 usukani unatulia. Bolti za kurekebishia kwenye mkono wa chini huwa zimeganda kwa kutu, ziloweshe na mafuta ya kulegeza siku moja kabla. Nyuma pima umbali wa tairi na chasisi kila upande: tofauti ikizidi milimita 10, unahitaji fimbo ya kurekebishika. Na taa za mbele zishushwe, maana sasa zinawapiga wenzako machoni.

KijanaWaMwendo:

Wakuu, wapo wanaoweka spesa za chuma juu ya shokapu ya mbele, bei ndogo sana. Zina ubaya gani?

FundiChasisi:

Spesa haibadilishi nguvu ya springi, inasogeza tu kila kitu chini. Gurudumu likishuka kwenye shimo linaenda chini zaidi ya lilivyotengenezwa, sivi jointi na bolijointi ya juu zinafika mwisho kabla ya shokapu. Uzito ule springi iliyochoka ilikuwa inashindwa kuubeba, bado inashindwa. Halafu mdogo wangu, ile nati ya katikati juu ya shokapu usiifungue springi ikiwa haijabanwa na kifaa chake. Inaruka kwa nguvu ya kuua mtu.

NozeliNaPampu:

Nimeona kila mtu yuko chini ya gari, ngoja tufungue boneti. Gari likizimika katikati ya Katavi haitasaidia kuwa na shokapu nzuri.

Wenye injini ya dizeli ya 1KD-FTV: kabla ya safari yoyote, kagua vioshea (pete nyembamba) vya shaba chini ya nozeli zinazopuliza dizeli. Vikivuja, gesi ya mwako inapita kwenda kwenye oili, masizi yanaganda na kuziba chekeche ya kufyonzea oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Presha ya oili inashuka, beringi zinakufa, na injini nzima inafuata. Dalili: asubuhi moshi mweupe na mgongano unaosikika hadi ipate moto, na harufu ya gesi ukifungua kifuniko cha oili. Badilisha vioshea vyote vinne kwa pamoja, kisha shusha sampu uitazame chekeche kwa macho. Kubadilisha vioshea bila kuitazama chekeche ni nusu kazi. Injini za petroli za 2TR na 1GR hazina ugonjwa huu.

Dizeli ya kwenye mapipa ina maji na uchafu. Weka filta ya awali yenye kikombe cha kuona maji, maikroni 30, kabla ya ile ya kiwandani. Ukiweka ya maikroni 2 mbele umeibana pampu. Angalizo: kwenye gari hili mrija wa kutoka tanki unafyonza, hausukumi. Klempu ikilegea huoni tone la dizeli chini. Unaona gari gumu kuwaka asubuhi, kwa sababu ni hewa inayoingia. Tumia klempu za kuzunguka pande zote, si zile za meno zinazokata mpira.

Na sasa ninayoyaona ni hatari kuliko yote, kwa wenye giaboksi ya otomatiki. Rejeta ya kiwandani inapoza maji ya injini na oili ya giaboksi katika tanki moja la chini. Ikipasuka kwa ndani, maji yanaingia kwenye giaboksi. Ukikagua oili ya giaboksi ukakuta rangi ya pinki kama maziwa ya stroberi, zima gari papo hapo, usiendeshe hata kilomita moja. Gundi ya sahani za ndani inaachia kwa maji. Kama rejeta ni ya tangu gari litoke kiwandani, ibadilishe bila kungoja dalili, au weka kipoza oili cha nje na kuifunga njia ya ndani. Bei yake ukiilinganisha na giaboksi ni ndogo mno.

MtoRufiji:

Naongezea maji na vumbi. Snokeli (bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu) ni kitu kizuri ikifungwa vizuri, na nyingi hazijafungwa vizuri. Kichwa kipo juu ya paa, lakini boksi la filta lina tundu la kutolea maji chini ambalo halikuzibwa, na kiungio kwenye madigadi hakina gundi. Hapo snokeli ni pambo. Jaribio: injini iwe sailensa (inawaka bila kukanyaga mafuta), ziba kichwa cha snokeli kwa kiganja sekunde mbili tatu. Injini ikilegea na kutaka kuzima, sawa. Ikiendelea kunguruma kama kawaida, kuna mahali inavuta hewa.

Kuliko snokeli, mimi ningeanza na vipumulio vya difu (vitundu vyake vya kupitishia hewa). Difu imechemka kwa safari, unaingia mtoni, maji baridi yanaipoza ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kufyonza maji kupitia sili. Chukua mrija wa mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 6, uunge kwenye kipumulio, uupandishe: nyuma hadi nyuma ya taa ya breki, mbele hadi juu ya ukuta wa injini. Mwishoni weka filta ndogo ya petroli. Uache ulegevu wa kutosha, ekseli inapanda na kushuka. Baada ya kuvuka maji ya kina fungua bolti ya kujazia, chovya kidole: oili yenye rangi ya chai ya maziwa imwagwe siku hiyohiyo.

UmemeSafi:

Friji la lita 40 linavuta ampea 3 hadi 4 kompresa yake ikizunguka; kwa wastani wa joto letu hesabu ampea-saa 30 hadi 40 kwa siku. Betri ya pili ya 100Ah ya kawaida usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una siku moja na kidogo ukiegesha. Prado za Japani za maeneo ya baridi zina nafasi ya betri mbili tayari, tazama kabla ya kuchomelea trei. Alteneta ya gari hili inachaji kwa voltini 14 na ushei muda wote, hivyo rilei inayosoma volteji (inaunga kwenye 13.3, inaachia 12.8) inatosha.

Waya kati ya betri na betri: 25 mm², fyuzi ya ampea 100 kila upande, zisizidi sentimita 20 kutoka kwenye betri. Fyuzi upande mmoja tu haitoshi, maana waya huo una moto pande zote mbili. Waya wa friji kwenda nyuma: mita 5 kwenda, 5 kurudi, 6 mm². Hesabu ni hii: kwa ampea 10 unapoteza voltini 0.3. Kwa waya wa 2.5 mm² unapoteza 0.7, na friji linajizima likidhani betri imeisha ilhali imejaa. Friji nyingi "mbovu" ni waya mwembamba.

Kompresa ya upepo iende moja kwa moja kwenye betri na fyuzi yake. Soketi ya sigara ina ampea 15, kompresa ya kufaa inakula 30.

MamaWatatu:

Shikamooni kaka zangu. Naomba muiguse siti ya nyuma. Watoto, mizigo na madumu ya mafuta vikae vipi?

NyikaNjema:

Marahaba dada, umeuliza la msingi.

Madumu ya mafuta hayakai ndani na watoto, hata yakiwa mapya. Mvuke unatoka joto likipanda. Njia ya Natron haina haja ya madumu: jaza tanki Mto wa Mbu, lita 87 zinakupeleka na kukurudisha. Madumu ni ya Katavi na Ugalla, na yakae juu, mbele ya keria, yakiwa yamefungwa kwa mkanda wa kukaza. Zaidi ya madumu hayo, juu pawe na vyepesi tu: hema, magodoro, mkaa. Maji yakae ndani, sakafuni, yakigusa mgongo wa siti ya pili, kwa sababu ndicho kitu kizito kuliko vyote.

Toa siti za safu ya tatu. Badala ya droo tumia masanduku ya plastiki yenye mifuniko, yafungwe kwenye pete za sakafuni. Kisha weka wavu wa chuma nyuma ya siti ya pili. Gari likigonga kwa kilomita 50, sufuria ya kilo tatu haibaki kilo tatu. Kizimamoto cha unga kifungwe pale mkono wa dereva unapofika akiwa amekaa, kisiwe chini ya mabegi.

BaraHadiPwani:

Mimi na ninyi tunatofautiana kwenye winchi. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa, gari moja peke yake bila winchi linalala hapo.

NyikaNjema:

Mkuu, hoja yako ni ya kweli, lakini tazama kule mbuga: winchi unaifunga wapi? Tambarare ya Katisunga haina mti wa karibu. Utahitaji kufukia tairi la akiba kama nanga, kazi ya saa mbili na koleo. Kilo 100 za bampa na winchi nazibadilisha na vibao viwili vya kujinasua, koleo refu, kompresa, kamba ya kuvutia yenye mnyumbuko ya tani 8, na kwenda magari mawili. Ukienda peke yako msimu wa mvua, hukosei kubeba winchi, lakini familia haipaswi kuwa huko msimu ule.

Vile vitundu na ndoano nyembamba za mbele ni vya kufungia gari melini, si vya kuvutia. Vinang'oka. Funga kulabu halisi kwenye chasisi kwa bolti za daraja 8.8 au zaidi. Shako (pingu ya chuma ya kuungia kamba) ya milimita 19 inabeba tani 4.75. Na ule mpira wa chuma wa kuvutia trela usiuguse kabisa kwa kazi hii, ukikatika unapita kioo kama risasi.

BaraHadiPwani:

Nimekuelewa kuhusu nanga. Kwa Rungwa na Ruaha yenye miti bado ningeibeba, lakini basi hema la paani libaki nyumbani.

NyikaNjema:

Hapo tumekubaliana. Kimoja kiingie, kingine kitoke.

MtoRufiji:

Ya njia zenyewe kwa ufupi. Natron: mawe ya volkano kwenye mpando wa kwenda Sonjo yanakata ukuta wa tairi, beba vibandiko vya kuchomeka angalau kumi na tairi la akiba la pili kama unaendelea Loliondo. Ufukweni mwa ziwa usiendeshe kabisa; magadi yanaganda juu kama sakafu, chini ni uji. Ukirudi osha chini ya gari kwa maji mengi, magadi yanakula chuma na viungio vya umeme.

Katavi na Ruaha mwezi wa tano na wa sita, nyasi ni ndefu. Mbegu zinaziba rejeta: funga wavu wa dirisha mbele ya grili, uukung'ute kila kituo. Nyasi kavu zinajikusanya juu ya ekzosi na kushika moto. Simama kila saa moja, lala chini utazame, vuta kwa waya uliopindwa. Usiegeshe juu ya nyasi injini ikiwa ya moto.

FundiChasisi:

Mwisho kutoka kwangu. Ukibadilisha springi leo usiondoke kesho. Tembea kilomita 200 za kawaida, rudi ukaze tena bolti zote zilizoguswa, na nati za rimu kwa spana ya torki, Nm 112, si kwa kuruka juu ya spana. Weka alama ya rangi kwenye kila nati na bolti, mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Porini kila asubuhi unazunguka na tochi. Mstari uliokatika ndio unaokaza.